Nyuzi Chini ya Sinki

Tarehe 6 Mei

Spana wangu,

Salamu hizi zipokee ukiwa umeketi, si juu ya ngazi na bomba begani. Mimi sijambo. Jirani wa nyumbani ameniletea habari kwamba nyumba ipo, paa lipo, na paka wangu amehamia kwake moja kwa moja, kama mtu aliyekuwa anatafuta sababu tu. Shangazi yako Mkubwa naye hajambo. Sukari yake imetulia, mdomo wake bado.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Simu sitaki. Kwenye simu mtu hasikilizi maneno yako, anasikiliza pumzi yako, kisha anakwenda kutangaza kwa ndugu kwamba sauti ilikuwa imefifia. Barua haina pumzi. Nampa kondakta wa basi la asubuhi, kesho yake unayo mkononi, na ukiwa na neno utampa arudi nalo. Kwa hiyo usinipigie. Ukipiga sitapokea, na unanijua.

Habari kubwa ni kwamba nimetolewa kwenye kile chumba cha kutengwa. Daktari anasema ule uboho ulionitolea umeshika, umeanza kutengeneza damu ndani yangu kana kwamba uko kwake. Wamenihamishia hosteli ya wagonjwa, ng'ambo ya barabara tu kutoka hospitali. Nitakaa hapa miezi kadhaa, nikienda kliniki Jumatatu na Alhamisi. Chumba kina kitanda kimoja, kabati lisilofunga, dirisha linalotazama maegesho ya magari ya wagonjwa, na sinki dogo ukutani. Mashuka yanabadilishwa na watu wa hosteli kila wiki. Nimeyakagua. Sabuni wamezidisha, kusuuza wamepunguza. Miaka yote niliyokuwa mkuu wa kufulia pale hotelini, shuka la namna ile lingerudi kwenye maji mbele ya macho ya aliyelifua. Nimenyamaza. Mgonjwa akianza kukosoa mashuka watasema amepona wamfukuze.

Sista mrefu anayetuangalia hapa ametupa masharti. Homa, upele, kuhara, macho kuwa ya njano, lolote kati ya hayo tumwambie siku hiyo hiyo. Anayarudia kila asubuhi mlangoni kama anayetaja vituo vya basi.

Mgongo wako vipi, pale walipochoma sindano?

Ni mimi, Shangazi yako.


Tarehe 11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua nimeisoma nikiwa juu ya ngazi, nisamehe, huku hakuna viti. Jengo lina ghorofa tisa na kila ghorofa ina vyoo vinne, na aliyechora ramani ya mabomba nadhani hajawahi kwenda haja. Mwenye jengo akitaka kujua jambo bado anamwuliza mzee ninayefanya naye kazi. Mzee ananiuliza mimi, mimi namjibu mzee, mzee anamjibu mwenye jengo. Sote tumezoea.

Mgongo umepona, nainama bila kuguna. Nimefurahi mno kusikia uboho umeshika. Nilikuwa naogopa utakuwa mkaidi kama mwenyewe, ufike huko ukatae kufanya kazi.

Shangazi Mkubwa alinipigia wiki iliyopita. Tulisalimiana.

Nikimaliza ghorofa ya sita nitaomba ruhusa nije. Nikuletee nini? Usiseme "usihangaike". Taja kitu.

Mwanao, Spana.


Tarehe 19 Mei

Spana,

Nimechelewa kukujibu, nilikuwa na shughuli. Usicheke, mgonjwa naye ana shughuli zake.

Hapa ni wazima. Mzee wa chumba cha pili, aliyepandikizwa kabla yangu, ameruhusiwa kwenda kwao, akaondoka na mto wa hosteli chini ya koti. Shangazi yako Mkubwa alikuja Jumapili. Alikaa kwenye kiti kimoja kilichopo, nami kitandani, akasema yake, nikamsikiliza, akaenda. Chakula cha hapa hakina chumvi, sikimalizi, lakini hilo si ugonjwa, hiyo ni akili.

Usihangaike kuniletea kitu. Ila nina swali la kazi yako. Sinki langu limeanza kuchelewesha maji. Ukifungua bomba, maji yanasimama, yanafikiri, ndiyo yashuke. Jana yalikaa mpaka nikaenda kulala. Sitaki kuwaita mafundi wa hosteli, watakuja watatu na viatu vichafu na kunipekulia chumba. Nifanyeje mwenyewe?

Shangazi yako.


Tarehe 22 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hatimaye umeniuliza kitu ninachokijua! Tangu ulipoanza kunilea nikiwa na miaka sita, wewe ndiye mwenye majibu. Barua hii nitaiwekea fremu.

Chini ya sinki kuna kikombe cha plastiki kilichofungwa kwa mzunguko. Weka beseni chini yake kwanza. Kwanza, Shangazi, si baadaye. Vaa glavu zile za kliniki, kizungushe kuelekea kushoto kwa mkono, usitumie kisu wala meno. Kitatoka na maji machafu. Kimwage kwenye beseni, kioshe, kirudishe, kaza kwa mkono tu. Kisha nawa kama daktari, kinga yako bado changa. Kama ungekuwa na mtu mwingine wa kukifanya ningefurahi zaidi.

Ila niambie umekuta nini ndani. Fundi akijua kilichoziba anajua nyumba inavyoishi. Kwenye nyumba moja nilikuta meno ya bandia na mwenyewe alikuwa amemfukuza mfanyakazi kwa kumshuku wizi.

Kuna kitu nimekiona kwenye barua yako. Mwandiko umelala. Zamani ulikuwa ukisimama wima kama askari wa gwaride.

Spana.


Tarehe 27 Mei

Fundi wangu,

Maelekezo yako yamefanya kazi. Beseni niliweka kwanza. Maji sasa yanashuka kama yanakimbizwa. Humo ndani hakukuwa na meno ya mtu. Nyuzi nyeupe zimejisokota na sabuni ya mche, donge la ukubwa wa yai. Basi.

Mwandiko umelala kwa sababu naandika nikiwa nimelala. Nimepungua mwili kidogo, magauni yamekaa vizuri, miaka ishirini nilikuwa nayatafuta makalio haya. Kliniki ya Alhamisi niliiruka kwa sababu ya mvua.

Usiombe ruhusa kazini kwa ajili yangu. Maliza ghorofa zako.

Shangazi yako.


Tarehe 29 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo asubuhi nimempigia sista mrefu. Namba ya hosteli niliipata kwa mtu wa mapokezi ya hospitali. Nimevunja sheria yako na utanikasirikia, lakini nisome mpaka mwisho.

Nyuzi nyeupe na sabuni ya mche hazitoki kwenye kunawa mikono. Mtu anayenawa mikono huacha ukoko wa sabuni na nywele. Nyuzi za kiasi kile hutoka kwenye kitambaa kikubwa kinachosuguliwa tena na tena, na kitambaa kikubwa cheupe ulichonacho chumbani ni shuka. Watu wa hosteli wanafua mashuka. Wewe unafua la nini, tena kwenye sinki la kunawia, mtu usiyeweza hata kuinua ndoo? Halafu unasema umeacha kliniki kwa ajili ya mvua, na kliniki iko ng'ambo ya barabara. Unakonda, huli.

Unaharisha, Shangazi. Unachafua shuka na unalifua kabla sista hajapita.

Nimemwambia sista maneno hayo hayo. Akasema wao pia walikuwa wakijiuliza mbona uzito unashuka na kila ukiulizwa tumbo unasema shwari. Alianza kupanda ngazi kabla hajakata simu. Nilisikia viatu.

Kasirika ukiwa hospitali.

Spana.


Tarehe 14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Kondakta anasema barua zangu anazifikisha mapokezi na hakuna za kurudi. Nampigia sista kila jioni. Ameniambia umerudishwa wodini, huli kwa mdomo, unalishwa kwa mshipa, na hakuna wa kuingia isipokuwa wao. Nilikuja mpaka lango la hospitali Jumamosi. Nilisimama pale, nikazungumza na mlinzi kuhusu bomba lake la bustani linalovuja, nikarudi.

Naogopa. Sijui kuandika kwa mzunguko kama wewe. Naogopa kwamba utakufa ukiwa umenikasirikia.

Sista amenitajia jina la ugonjwa. Pandikizi kumshambulia mwenyeji. Nilimwomba alirudie, nikaliandika ukutani kwa penseli, mzee wangu wa kazi akalisoma akauliza ni aina gani ya pampu. Mwenyeji ni wewe. Pandikizi ni lile lililotoka kwangu. Kwa hiyo nauliza, na nataka unijibu wewe mwenyewe, si sista. Ni mimi ninayekutoboa utumbo?

Spana.


Tarehe 30 Juni

Spana,

Leo nimepewa kalamu. Mwandiko utauona, usiutolee maoni.

Nilikukasirikia, ndiyo. Sista alipoingia alikuta shuka limetandazwa juu ya reli ya dirisha nyuma ya pazia, linatiririka. Aliangalia shuka, akaniangalia mimi, akasema, "Mama, hata mimi nina macho, nimekosa fundi tu." Nikaona aibu kuliko siku zote za maisha yangu. Siku mbili nzima nilipanga barua ya kukutukana kichwani. Kisha nikazidiwa, nikasahau maneno mazuri yote niliyokuwa nimeyaweka tayari.

Waliniingiza kamera tumboni wakachukua vipande vya ukuta wa utumbo wakaviangalie. Siku ya majibu daktari alivuta kiti akakaa, na daktari akikaa ujue kuna mazungumzo. Nilimwuliza swali lako kabla hujaliuliza. Nikamwambia, "Kwa hiyo seli za mwanangu ni mbaya." Nakuandikia alivyojibu, maana yeye anaongea taratibu na nilikuwa na muda.

Anasema ukuta wa utumbo una seli zake za kinga, na si zile zinazotembea kwenye damu. Ni wakaaji. Wanaishi humo ukutani, na kazi yao ni kuangalia kinachopita na kupambanua hiki ni chakula, hivi ni vijidudu vya nyumbani vinavyotusaidia, yule ni adui. Dawa kali nilizopewa kabla ya kupokea uboho wako zilikusudiwa kufagia kinga yangu ya zamani, pamoja na saratani. Za kwenye damu zinafagiliwa. Hawa wakaaji wa utumbo ni wagumu, baadhi yao hubaki. Na kuna kundi kati yao ambalo haliui mtu, linatoa ishara tu ya kuuambia ukuta ujijenge upya pale ulipochubuka. Wakibaki wa kutosha, ukuta unapona hata kukiwa na fujo. Wakiwa wachache, jeraha linabaki jeraha. Dawa za kuua vijidudu nilizomeza Aprili nilipopata homa nazo, pamoja na kuniponya, ziliua vijidudu vingi vya nyumbani ambavyo wakaaji hao wanavitegemea.

Sasa ndipo wanaingia wa kwako. Wamekulia mwilini mwako, wamefundishwa huko, mimi hawajawahi kuniona. Nusu ya alama za seli zangu wanazijua kwa sababu ya baba yako, nusu hawazijui. Utumbo uliochubuliwa na dawa unapiga kelele, kelele zinawaita, wanafika wanakuta ukuta mgeni umejaa majeraha. Wanafanya kazi waliyofundishwa. Hakuna chuki ndani yake. Daktari alisema, "Mama, seli hizo hizo ndizo zinazowinda saratani iliyojificha. Zikiwa goigoi mimi ndiye ningekosa usingizi."

Nikamwuliza mbona mzee wa chumba cha pili hakupatwa. Akasema hapo ndipo bado wanachimba. Kwa mtu mmoja wakaaji wa utumbo wanawatuliza wageni, kwa mwingine wanapungua mno, na kuna wakati baadhi ya wakaaji wenyewe wanaingia kwenye ugomvi wakauchochea. Akasema, "Hatujui vizuri." Tangu hapo namheshimu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ni seli zako, ndiyo. Si wewe. Wewe siku hiyo ulikuwa ghorofa ya tano unabishana na choo.

Wananipa dawa za kuipoza kinga. Uso umevimba kama umepigwa, usingizi hakuna, lakini tumbo limeanza kusikia. Daktari anasema ningemwambia wiki ile ya kwanza ingekuwa dawa kidogo na maneno machache. Nilipoficha, ukuta uliendelea kuharibika bila mtu kuutibu. Alisema bila ukali. Ningependa angekuwa mkali.

Umebaki kuniuliza kwa nini nilificha. Hujaliandika lakini naliona limekaa pale kwenye karatasi. Ni Shangazi yako Mkubwa. Siku vipimo vilipotoka, kwamba sukari yake haimruhusu kutoa na wewe unafaa, alisema mbele ya daktari, "Damu ya yule mtoto? Itamgeuka." Kisha Jumapili ile akaja akakaa kwenye kile kiti na kuuliza, "Haijaanza kukugeuka?" Tumbo lilikuwa limeanza siku tatu kabla. Nikamwambia niko kama chuma. Alipoondoka nikaliondoa shuka. Sikutaka iandikwe mahali popote, kwenye faili wala kwenye mdomo wa dada yangu, kwamba kilichotoka kwako kimenidhuru.

Ulikuwa ujinga. Nimesema, tusilirudie.

Shangazi yako.


Tarehe 5 Julai

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimeisoma barua mara nyingi hata mzee wangu wa kazi akauliza kama nimeposwa. Nimelia kwenye choo cha ghorofa ya tisa, ambacho hakijaunganishwa maji, kwa hiyo hakuna aliyenisikia nikivuta kamba kujisingizia.

Nina jambo la kukuambia na litakuudhi. Unakumbuka nilikuandikia Mei kwamba Shangazi Mkubwa amenipigia na tumesalimiana? Maneno yale yale aliniambia mimi. Kwamba damu ya upande wa mama yangu ina vita, kwamba nilipoletwa nyumbani kwa Bibi nilimng'ata kila mtu, na sasa nimepata njia ya kukung'ata kutoka ndani. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka yakufikie ukiwa mgonjwa. Wewe ulikuwa unafua mashuka yasinifikie. Tumeyaficha kila mtu upande wake, na mwenye maneno alikuwa ameshayagawa pande zote mbili.

Sasa jingine. Umesema tusilirudie, mimi nalirudia mara moja tu.

Nyumbani kwa Bibi, mwaka ule baba alipokufa, nilikuwa nakojoa kitandani. Kila siku. Shangazi Mkubwa alikuwa amesema wazi sebuleni kwamba mtoto wa hivyo arudishwe kwa mama yake, na Bibi alikuwa hajaamua. Kila alfajiri kabla hawajaamka ulikuwa unaingia, unalivuta shuka chini yangu, unaweka jingine kavu, unakwenda kulifua lile nyuma ya nyumba. Kukikucha Bibi anakuta mtoto mkavu. Hujawahi kunisema, wala kunigombeza, wala kuniambia umenisitiri. Mpaka leo hujawahi kulitaja.

Nilikuwa macho, Shangazi. Siku zote. Nilikuwa nafumba macho kwa nguvu na kujifanya nimelala, kwa sababu niliona kama ningefumbua na kukuangalia tungelazimika kuzungumza, na tukizungumza lingekuwa kweli, na likiwa kweli ningerudishwa. Ndiyo maana nilipofungua barua yako ya nyuzi nyeupe sikuhitaji kufikiri. Hayo ya kunawa mikono na ukoko wa sabuni niliyaongeza baadaye ili sista aniamini. Kitu cha kwanza nilichokiona ni wewe na shuka alfajiri.

Nilitaka kukuandikia pia kwamba mimi ndiye nilikuwa mgeni wa kwanza kung'ata ukuta wa nyumba ile, na wewe ndiye mkaaji uliye...

Nimekata. Najua utakasirika.

Ghorofa ya sita, ya saba na ya nane zimekwisha. Nakuja mwisho wa mwezi na hutanizuia.

Mwanao, Spana.


Tarehe 21 Julai

Spana,

Umefanya vizuri kukata. Mimi si ukuta, na wewe hukuwa seli, ulikuwa mtoto mwenye meno. Mambo ya kufananisha tuwaachie wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Hali yangu ni hii. Naenda haja kama binadamu. Nimeanza kula, wali laini na kuku wa kuchemsha, na jana nikaomba chumvi, sista akaandika kwenye faili kwamba nimeomba chumvi, sijui kwa nini. Uso umeanza kurudi kwa mwenyewe. Daktari anapunguza dawa kidogo kidogo, anasema ugonjwa huu unaweza kunyanyua kichwa tena, na ukinyanyua nimwambie siku hiyo hiyo. Nimemwahidi. Nimeona amemwangalia sista, sista akaangalia dari. Nitalazimika kuijenga upya heshima yangu hapa. Saratani wameitafuta kwenye uboho, hawakuiona. Alisema neno hilo, hawakuiona, hakusema imekwisha, na mimi sikumlazimisha.

Kundi la damu yangu limeshabadilika. Sasa ni lako. Kadi yangu ya zamani wameikata kwa mkasi mbele yangu.

Shangazi yako Mkubwa alikuja Jumapili iliyopita. Alikaa kwenye kiti kile kile. Nikamwambia, "Dada, damu uliyoizungumzia ndiyo hii iliyokaa mbele yako. Ukitaka kuitukana, itukane ikusikie." Aliufungua mkoba wake, akaufunga. Baadaye akaniuliza kama bado unapenda yale maji ya ndimu aliyokuwa akikunyima. Nikamwambia akuulize mwenyewe. Usimtarajie sana. Lakini kama atapiga, pokea.

Nimerudishwa hosteli, chumba kile kile. Mashuka wanafua wao, sabuni bado wanazidisha, na nimeshamwambia mkuu wa kufulia. Amenisikiliza. Sinki linapitisha maji. Ukija mwisho wa mwezi kuna kiti kimoja na kitanda kimoja, utakaa kwenye kiti. Njoo na mikono mitupu, na unawe ukifika.

Shangazi yako.

Nimesahau kitu. Umesema ulikuwa unajifanya umelala. Nilijua. Mtoto aliyelala hanyanyui makalio ili shuka lipite.